Mjadala: Mwenye leseni ya bastola Nakuru apewe renji (uwanja wa kulengea shabaha)? Na aruhusiwe kujijazia risasi?

Shabaha wa Section 58, Nakuru

Wandugu, nimechoka kudamka saa tisa usiku. Nina bastola ya milimita 9, nina cheti chake, na nikitaka kulenga shabaha bila kuvunja sheria nateremka hadi Kirigiti, kule Kiambu. Ni zaidi ya kilomita 150 kwenda tu, na mnajua malori ya Gilgil na Naivasha yanavyosongamana. Nafika macho mekundu, napiga risasi 50 kwenye karatasi, nageuza gari. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Watu wa huku wenye silaha halali wafanyie wapi mazoezi, Menengai?

Naomba mawili. Kwanza, itengwe ardhi ya renji, hata kama ni machimbo ya mawe yaliyoachwa, maana ukuta wa machimbo unaweza kusaidia kuzuia risasi. Pili, sheria iturekebishie tuweze kujaza upya maganda yetu wenyewe.

Wasiojua mchezo wanadhani tunakwenda kupiga makelele. Katika mashindano ya IDPA, yale ya kujihami kwa bastola, unachomoa bastola chini ya koti huku saa inakimbia, na kila pointi unayopoteza kwenye karatasi inakuongezea sekunde moja. Nimewahi kuwa mwepesi kama umeme nikashindwa na mzee aliyekuwa akipiga kama anahesabu mbegu. Na ukigeuza mtutu upande wa watu, hata kama hukupiga, siku yako imekwisha, unafunga virago mbele ya wote. Mkono wa bastola ni kama mkono wa chapati: ukiacha miezi sita, unga unakukataa. Sasa fikirieni mtu ambaye hajapiga risasi miaka mitatu, halafu anavamiwa langoni saa mbili usiku na majirani wamejaa pande zote.

Kuitunza nako ni shule. Jumapili jioni, watoto wakiwa kwa shangazi yao, naweka gazeti mezani. Natoa magazini (kibweta cha risasi) kwanza, kisha navuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, nyuma, natazama kwa jicho chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, halafu naingiza kidole nihakikishe. Risasi zote naziweka chumba kingine kabla sijafungua chochote. Brashi napitisha kutoka nyuma ya mtutu kwenda mbele, ili uchafu usirudi kwenye mitambo. Mafuta ni tone, si kijiko. Upepo wa Januari ukipuliza lile vumbi jeupe la ziwani, bastola yenye mafuta mengi inageuka bakuli la uji.

Kuhusu kujaza: risasi ina vitu vinne tu. Ganda la shaba ya njano, fataki ndogo ya kuwasha baruti kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Ukishapiga, ganda linabaki zima na linaweza kutumika tena mara kadhaa. Marekani watu hufanya kazi hiyo gerejini kwao. Mimi nayafagia maganda yangu na kuyaacha kama maganda ya njugu, halafu nanunua risasi mpya kwa bei ya kuumiza. Semeni.

Nyar Kisumo

Kaka Shabaha, pole na safari. Nimekusoma mpaka mwisho, na nimeona wewe ni mtu wa utaratibu. Lakini mimi nikisikia neno risasi sifikirii karatasi.

Mjomba wangu alipigwa Kondele Januari 2008. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa kwenye yale machafuko ya baada ya uchaguzi, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Yeye ni mmoja katika hao. Hadi leo hatujaambiwa ilitoka bunduki gani. Watoto wa plotini waliokota maganda barabarani asubuhi yake wakawa wanayapuliza kama filimbi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilipuliza na mimi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anataka mashine ya kutengeneza risasi mezani kwake, na gazeti chini, mwili unanisisimka. Wewe ni mzuri. Je, yule wa pili atakayepewa kibali hicho? Na wa mia?

Fundi wa Bahati

Mimi niko nje ya siasa, nauliza tu: hayo mafuta ni ya aina gani? Nashona nguo, nina mafuta ya cherehani hapa lita nzima. Nisaidie biashara.

Shabaha wa Section 58, Nakuru

Fundi, kwa dharura ya cherehani yanafaa, ni mepesi. Usimuuzie mtu ya kupikia tu, yanaganda kama gundi. Dada Nyar Kisumo, nitakujibu, nataka nitulie kwanza.

Mwalimu wa Njoro

Kabla hamjagawa machimbo, mtuambie risasi zenyewe zitaishia wapi. Namaanisha madini. Vichwa vingi vina risasi ndani, nalo ni sumu. Lugha yetu imeviita vitu viwili jina moja na haikukosea. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri na tukaona watoto walivyoathirika. Ukuta wa machimbo ukipigwa miaka kumi unajaa madini hayo, mvua inashuka nayo, na huku kwetu maji mengi yanateremkia ziwani. Heroe hula kwa kuchuja tope. Renji ikijengwa, iwe na mchanga unaochekechwa na kubadilishwa, na mpigaji anawe mikono kabla hajashika mandazi.

Na tuseme ukweli, huu ni mchezo wa wenye pesa. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo hata ile hoja ya nyama haipo.

Mstaafu, Kakamega

Nimetunza ghala la silaha miaka mingi, nikastaafu na vidole vyote kumi, kwa hiyo naomba mnivumilie mzee niseme kirefu.

Kijana Shabaha, kuhusu renji niko nawe, tena kwa nguvu. Mwaka 2018, Desemba, Waziri Matiang'i aliagiza wote wenye leseni wakaguliwe upya. Jambo jema. Lakini karatasi haimfundishi mtu kuondoa kidole kwenye kifyatulio. Ajali nilizoshuhudia karibu zote zilianzia kwenye meza ya kusafishia, na mwenye silaha alikuwa ameapa kwamba haina kitu ndani. Anatoa magazini, anasahau iliyobaki kwenye chemba. Wewe unatazama kisha unaingiza kidole. Wengine hawafanyi hivyo, na hawana mahali pa kuonwa na mtu wa kuwakemea. Renji ni mahali pa kukemewa. Mwalimu wa Njoro ana haki kuhusu mchanga, sina la kuongeza.

Kuhusu kujaza maganda, hapana. Tena sikatai kwa sababu ya ajali, ingawa zipo: ganda dogo la bastola linaweza kumeza baruti ya kipimo mara mbili bila kufurika, na macho yasione. Au lisitiwe kabisa, fataki isukume kichwa kikwame katikati ya mtutu, halafu mpigaji avute tena. Nimeona mtutu uliovimba kama nyoka aliyemeza panya. Lakini hayo ni mikono yako, utajijua.

Sababu yangu iko kitakoni. Geuza ganda lolote, utakuta herufi na tarakimu zimepigwa muhuri kuzunguka fataki. Kwa kawaida zinasema kiwanda na mara nyingi mwaka. Risasi za serikali yetu hutengenezwa hapo Eldoret, na ganda la Eldoret linajulikana. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey ya Geneva walichapisha kazi yao kuhusu Turkana Kaskazini. Walikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, wakasoma vitako, wakakuta karibu nusu ni za Eldoret. Yaani zilitoka kwetu, kwenye maghala yetu, zikaishia huko. Nilikuwa bado kazini. Sikulala vizuri wiki hiyo, kila mtu alikuwa anahesabu masanduku. Hakuna askari aliyetoboa siri wala mhalifu aliyekiri. Maganda ndiyo yaliyosema.

Sasa wewe ukichukua ganda la mwaka fulani, ukaweka baruti ya mwaka mwingine na kichwa kutoka kwingine, muhuri kitakoni unabaki uleule. Unasema uongo bila wewe kutaka. Siku risasi hiyo ikiokotwa mahali pabaya, mpelelezi atasoma kitako na kwenda kugonga mlango usio wake.

Wakili Mdogo, Eldoret

Shikamoo Mzee. Niongeze ya sheria kwa ufupi. Cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakitaji bunduki peke yake. Kinataja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Mfumo mzima umesimama juu ya hesabu. Anayejitengenezea ametoka nje ya hesabu hiyo hata kama ni mwaminifu. Na baruti ina sheria yake, ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kaka Shabaha, usijaribu hata kwa utafiti.

Lakini msimwone kichaa. Afrika Kusini mwenye leseni hujaza maganda yake kihalali, na sheria yao ya mwaka 2000 imeweka kikomo: risasi 200 kwa kila silaha na fataki 2,400, isipokuwa wanamichezo waliosajiliwa rasmi. Kwa hiyo inawezekana kuhesabu na fataki, si risasi peke yake. Hata hivyo mwaka 2021 serikali yao ilileta rasimu ya kufuta ruhusa hiyo, wenye silaha wakapiga kelele nchi nzima. Uingereza nayo baada ya mauaji ya Dunblane ya 1996 ilipiga marufuku bastola karibu zote, mpaka wanamichezo wao wa Olimpiki wakawa wanafanyia mazoezi nchi za watu. Mimi nisingependa tufike hapo.

Kuhusu ardhi, kaunti inaweza kutoa kiwanja, michezo ni yake kwa Jedwali la Nne la Katiba. Silaha zenyewe ni za serikali kuu. Msimpigie gavana kelele peke yake.

Shabaha wa Section 58, Nakuru

Nimerudi. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kila mtu, Mzee akanivuruga.

Mwalimu, mchezo ni wa wenye pesa kwa sababu hakuna renji karibu. Mafuta ya kwenda Kiambu mara mbili kwa mwezi yangelipa ada ya mwaka. Lakini mchanga wa kuchekecha nakubali, na kunawa tayari nanawa. Nguo za renji mke wangu hazitaki kwenye beseni la watoto, na sasa naona ana haki.

Mzee, habari ya Turkana niliisikia juujuu, ya vitako sikuwahi kuifikiria. Nimetoa ganda moja mfukoni nikiandika hapa nikaligeuza. Nimekuwa nikiyafagia miaka sita bila kuyasoma. Bado nasema njia ya Afrika Kusini ya kuhesabu fataki ingeweza kufanya kazi, na ganda lililojazwa lingepigwa alama ya pili. Lakini nani ataipiga hiyo alama gerejini kwa mtu na nani atamsimamia, sina jibu. Ombi la pili naliweka kando. Silifuti, naliweka kando. Lile la kwanza nitalibeba mpaka ofisi ya mwisho.

Dada Nyar Kisumo, kwako sina hoja. Pole kwa mjomba.

Nyar Kisumo

Asante, kaka. Renji yenu, mkiweka huo mchanga na mtu wa kukemea, mimi sitaandamana. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mzee wa Kakamega, nina swali ambalo silo la mjadala. Yale maganda ya filimbi, moja liko nyumbani kwa mama, ndani ya kopo la vifungo. Limekuwa jeusi. Hiyo alama ya kitako bado inaweza kusomeka?

Mstaafu, Kakamega

Inasomeka, binti yangu. Shaba inabadilika rangi lakini muhuri umezama, hauondoki. Usilisugue kwa sufu ya chuma wala kwa mchanga, na usilitie ndimu. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, lishike kando ya dirisha asubuhi, ulizungushe polepole mpaka kivuli kiingie kwenye herufi. Andika unachokiona vilevile, hata kama hukielewi, na upige picha kabla hujalirudisha kwenye kopo. Usiiweke hapa hadharani. Mpe Wakili Mdogo kwanza, halafu mimi nitamweleza namna ya kuisoma.