Polisi wamemtoa mwanafunzi darasani: je, utaratibu unaruhusu?

Mti Mkavu (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka. Leo saa nne asubuhi askari wawili, mmoja akiwa amevaa kiraia, waliingia katika shule moja ya sekondari ya kata na kumtoa kijana wangu wa kidato cha pili, mwenye umri wa miaka 15, katikati ya kipindi cha hisabati. Walimpakia mshikaki kwenye pikipiki, na mpaka sasa yuko kituoni. Hawakuonyesha hati yoyote. Swali langu ni moja: je, polisi wanaruhusiwa kumkamata mwanafunzi ndani ya eneo la shule? Kama hawaruhusiwi, nataka niutumie upungufu huo kumtoa kabla ya kesho.

Babu Kipanga:
Ndugu yangu, kabla ya kuwauliza polisi, muulize kijana amefanya nini. Zama zetu mtoto akisikia jina la kituo cha polisi alikuwa anatetemeka, lakini siku hizi mzazi ndiye anayekimbilia kutafuta upenyo wa kisheria huku mwanawe hajaulizwa hata alikuwa wapi jana.

Shamba la Bibi:
Mkuu, pole sana. Sisi tulikamatwa bwenini, wanafunzi 11, kwa sababu ya mgomo wa maharage yenye wadudu. Tulipandishwa karandinga tukiwa na kaptula za kulalia, na mwalimu wa zamu alituhesabu kama mbuzi wanaopelekwa mnadani. Tuliachiwa jioni. Maharage hayakubadilika.

Karani wa Zamani:
Mleta uzi, shule si kimbilio. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu askari kumkamata bila hati mtu anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kama la wizi, awe sokoni au darasani. Kumwona mkuu wa shule kwanza ni busara na ni mazoea mema, lakini askari asipofanya hivyo ukamataji haubatiliki. Nguvu yako iko kwenye yanayofuata: mtoto aelezwe sababu ya kukamatwa, mzazi au mlezi ajulishwe mara moja, asichanganywe na mahabusu watu wazima, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, huyo wa miaka 15 ni mtoto, na mkuu wa kituo anaweza kumwachia kwa dhamana ya mzazi, isipokuwa kosa likiwa la mauaji au la adhabu inayozidi kifungo cha miaka saba. Kwa hiyo, ameandikiwa kosa gani?

Mti Mkavu:
Nashukuru, lakini sioni kama kosa lina uhusiano na swali langu. Mimi nimeuliza kuhusu eneo la shule.

Binti Pangani:
Kaka, lina uhusiano mkubwa. Nani alikwenda kituoni kutoa taarifa na kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi? Mzazi mwenye mtoto mahabusu saa hizi huwa yuko kaunta na blanketi mkononi.

Mti Mkavu:
Sawa. Taarifa niliitoa mimi. Mimi si mzazi wake, ni mwalimu wake wa darasa, na mimi ndiye ninayetunza michango ya chakula cha mchana. Shilingi 240,000 zilipotea ofisini siku ambayo yeye alikuwa na zamu ya kufagia. Nilifikiri wangemwita na kumtisha kidogo tu. Kosa lililoandikwa ni kuvunja ofisi ya shule na kuiba.

Karani wa Zamani:
Mwalimu, hapo ndipo penye mwiba. Wizi wa kawaida adhabu yake ya juu ni miaka saba, kwa hiyo mkuu wa kituo ana nafasi ya kumwachia. Kuvunja jengo la shule na kuiba ni miaka 10, na nafasi hiyo inafungwa. Kilichovunjwa ni nini?

Mti Mkavu:
Ofisi ilikuwa wazi. Droo haikuwa na kufuli. Askari aliponiuliza aliingiaje, niliona aibu kusema niliacha fedha za wazazi namna hiyo, nikajibu kwamba dirisha lilisukumwa. Hata hivyo mambo yanakwenda vizuri: mama yake ameshanipa 120,000, nusu ya pili ataleta Ijumaa, na kesho nitakwenda kusema nimesamehe. Sioni haja ya kubadili maelezo na kuonekana mwongo.

Wakili wa Kahawa:
Wakuu, mnalishwa hadithi. Mwanzo ni "kijana wangu", sasa ni mwalimu, halafu dirisha limekuja mahali ambapo sheria inalihitaji. Hili ni swali la mtihani wa sheria ya jinai mwaka wa pili, na mwenye uzi anakusanya majibu.

Shamba la Bibi:
Kama ni mtihani, mimi naomba alama za maharage.

Mti Mkavu:
Walimu wote husema "kijana wangu". Daftari la wageni liko mbele yangu: askari ameandika "kikazi", na safu ya muda wa kutoka ameiacha tupu. Daftari la mtoto ninalo pia. Swali la nne la vipeo limeishia kwenye alama ya sawasawa, na mfuniko wa kalamu umebaki katikati ya kurasa.

Binti Pangani:
Basi mwalimu, acha kujitetea. Mama analipa deni ambalo mwanawe hajathibitishiwa.

Karani wa Zamani:
Kusamehe hakufuti jalada, kwa sababu uamuzi huo si wako tena. Na kumpa mtumishi wa umma taarifa za uongo ni kosa, ambalo safari hii litakuwa lako. Nenda usiku huu pamoja na mama, omba kuandika maelezo ya nyongeza kwamba hapakuwa na dirisha lililosukumwa, na mwombe mkuu wa kituo alihusishe Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii. Saa 24 zinaisha kesho saa nne.

Mti Mkavu:
Mkuu wa shule akijua nimekwisha.

Babu Kipanga:
Mimi nilimlaumu mtoto. Nenda, mwalimu.

Mti Mkavu:
Nimempigia mama. Tunakutana kituo cha daladala.

Karani wa Zamani:
Vizuri. Ile 120,000 ulimwandikia stakabadhi?

Mti Mkavu:
Hapana. Iko kwenye bahasha, ofisini, katika droo ile ile.

Shamba la Bibi:
Safari hii umeifunga?