Naomba ushauri: picha za Jamborii ya 2007 zinaniharibikia

Wakuu, habari zenu. Mwaka 2007 nilikuwa kati ya skauti tuliokwenda Jamborii ya Dunia (ule mkusanyiko mkubwa wa skauti wa nchi mbalimbali), Hylands Park, Chelmsford, Uingereza, uskauti ulipotimiza miaka 100. Asubuhi ya Agosti 1 uwanja mzima tulirudia ahadi ya skauti kwa pamoja, mimi mtoto wa Tanga natetemeka kwa baridi (wenyewe eti ndiyo kiangazi!). Skafu na beji nilizobadilishana na wenzangu bado ninazo.

Shida ni picha. CD mbili zimechubuka. Kompyuta inazizungusha tu, haifungui kitu. Negetivu nazo zimeota ukungu kabatini. Fundi wa mtaani ataziweza, au atanimalizia kabisa? Na huo ukungu unafutwa na nini bila kula picha? Aliyewahi kuokoa za kwake anielekeze.