Muvi ya Ozu ya 1932, haina sauti ila imenichoma

mzee_wa_tandika:
Wakuu, juzi usingizi ulinipaa nikaangalia muvi moja ya Kijapani ya Yasujiro Ozu, I Was Born, But..., ya mwaka 1932, bubu kabisa, nikajua dakika kumi nyingi nitakuwa nakoroma. Weee! Watoto wawili wanamuona baba yao ndo mwamba wa mtaa mzima, halafu siku wanaonyeshwa filamu nyumbani kwa bosi wake wanamkuta mzee kwenye turubai anafinya sura, anajitia uchizi ili bosi acheke. Wakarudi home wakagoma kula. Sasa huyu Ozu mbona kamera kaiweka chini hivyo, ni makusudi au stendi ilikatika miguu?

binti_wa_upanga:
Hahaha stendi! Makusudi mkuu, ndo staili yake hiyo hadi Tokyo Story ya 1953. Kwenye hii inakaa vizuri zaidi kwa sababu unawaona wakubwa ukiwa kimo cha wale madogo. Rudia pale ofisini, kamera inapita kwenye meza kila mtu anapiga miayo, inampita jamaa mmoja hajapiga, inamrudia, anapiga mwayo ndo inaendelea na safari 😂 na hapo imetoka kuonyesha watoto darasani, kwa hiyo ushajua wanaelekea wapi.

fundi_redio:
Halafu hiyo ni bubu kwetu siye tu, kule Japani zamani kulikuwa na benshi, mtu anakaa pembeni ya turubai anasimulia na kuigiza sauti zote. Yaani kama vibanda umiza vyetu, jamaa anatafsiri na chumvi yake juu. Wengine watu walilipa kwenda kumsikiliza yeye hata muvi ikiwa mbovu.

kijana_temeke:
Mi ilinichosha kidogo nisiwe mnafiki. Ila The Only Son ya 1936, yake ya kwanza yenye sauti, pale mama aliyechoka kiwandani cha hariri ili mwanae asome anamfuata Tokyo anakuta dogo ni mwalimu wa shule ya usiku tu, hapo nililia.

mzee_wa_tandika:
Naitafuta leo leo. Mimi kilichonimaliza mshua wangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja, siku moja nimempelekea chakula nikamkuta anafungua mlango wa gari huku ameinama, kofia kaishika mkononi. Akaniona. Jioni hakuna aliyeongea, tulikula tu.