Kwani rivolva iko na nini mpaka wazee wakatae kuiacha?

KijanaWaNjoro
Wadau hamjambo. Mjomba wangu ako na hadwea hapa Nakuru mjini, ana leseni ya silaha tangu kitambo, na anachobeba ni Smith & Wesson ya .38, risasi sita, mtutu wa inchi nne, imezeeka mpaka rangi imeisha pale inaposuguana na holista. Watoto wake wamemsumbua aiuze achukue Glock 19, bastola ya semi otomatiki ambayo magazini yake inaingia risasi 15 na ikiwa tupu haifiki hata gramu 700, wakati hiyo yake tupu inakaribia kilo. Hataki kusikia. Anasema tu "hii tumezoeana" na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa nauliza nyinyi wenye mnajua hizi vitu, kuna sababu ya maana ama ni ukaidi wa wazee? Na tafadhali msiniletee mambo ya makauboi.

MstaafuKakamega
Kijana wangu, mjomba si mkaidi. Nimebeba zote mbili kazini na nitakuambia vile ziko. Semi otomatiki inategemea risasi yenyewe iwe na nguvu ya kurudisha nyuma slaidi, kile chuma cha juu, iteme ganda, ichukue ingine kutoka kwa magazini, na ukiishika kwa mkono legelege inaweza kukwama katikati ya hiyo safari. Rivolva haijali umeishika aje wala risasi ni kali ama dhaifu kwa sababu silinda, kile kipande cha mviringo chenye matundu ya risasi, inazungushwa na kidole chako. Risasi ikikataa kulipuka unavuta triga tena, tundu lingine linakuja, umemaliza, hakuna kugonga magazini hakuna kuvuta slaidi. Tena mtu akikurukia mkaanza kung'ang'ana mwili kwa mwili, mdomo wa semi ukisukumwa sana dhidi ya mtu slaidi inarudi kidogo na haipigi, rivolva inapiga tu. Mwenye duka anayefunga jioni hatafuti vita ya dakika kumi, anataka kitu kimoja ambacho hakimsumbui akili saa ile mikono inatetemeka.

Halafu ile bunduki unayoielezea si takataka. Hiyo familia ya .38 ya Smith & Wesson ilianza 1899 na polisi wa Marekani waliibeba karibu karne nzima. Na sisi huku rivolva tulizijua kabla ya Wamarekani kutuletea, wazungu walikuja na Webley, rivolva zile za kukunjika katikati ambazo jeshi la Uingereza lilizipokea 1887. Baba yangu alikuwa mpishi kwa mlowezi huko upande wa Molo, anasema ile Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952 walikuwa wanakula sapa bastola ikiwa mezani kando ya sahani, na yeye ndiye anapakua supu. Mpaka leo ukimtajia rivolva uso unabadilika, kwa hivyo si kila mzee anazipenda.

OmeraDunga
Afande heshima yako lakini hapo umeipamba sana 😂 Nyinyi mnasema rivolva haikwami. Inakwama! na ikikwama ni shughuli, huwezi kuitatua hapo hapo barabarani. Risasi ikichomoka kidogo kwa ganda kwa sababu ya mrusho, ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma, inatokeza mbele na silinda inagoma kuzunguka. Uchafu kidogo ukiingia chini ya ile nyota ya kutolea maganda, silinda haifungi vizuri. Semi ikikwama mtu aliyefunzwa anaifungua kwa sekunde mbili.

Na mbona polisi waliziacha kama ni tamu hivyo? Miami 1986, FBI walipambana na majambazi wawili wa benki, maajenti wawili wakafa, na mmoja aliyepigwa mkononi akashindwa kabisa kujaza rivolva yake. Baada ya hapo FBI wakaanza kuhamia semi. New York nao wakaanza kuwapa polisi bastola za 9mm 1993. Risasi sita ni sita tu omera, hata ungekuwa nani. Kwa maoni yangu wazee wanapenda ule uzito mkononi na ile sauti ya silinda ikifungwa, na hakuna ubaya, wakubali tu.

MstaafuKakamega
Malizia hiyo hadithi ya Miami basi. Ajenti Mireles, mkono mmoja umeharibika, ndiye aliyewamaliza wale wawili, na alichotembea nacho mpaka kwa gari walilotaka kutorokea ni rivolva ya .357. Umeruka hapo makusudi.

OmeraDunga
Alianza na shotgani kwanza afande 😂😂 ila sawa, hiyo nakupa.

DadaWaMilimani
Mnapigana na majambazi tu, hakuna mtu ameongea kuhusu kulenga. Mimi nafanya huu mchezo wa kulenga shabaha na kwangu mimi jibu lote liko kwa triga. Ile ya rivolva ukiivuta bila kuinua nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, ni ndefu na nzito, kama kilo tano hivi, na kila kosa la kidole linaonekana kwa karatasi. Ukijua kuivuta polepole bila mdomo kuyumba, ukishika Glock unaona ni kitu rahisi sana. Ndio maana watu wakizoea hawarudi nyuma, inakufanya uwe mpigaji na si mtu wa kumwaga risasi. Na ukitaka starehe unainua nyundo kwa kidole gumba, triga inakuwa nyepesi kabisa, unatoboa tundu juu ya tundu. Ukitumia zile risasi za kichwa bapa zinakata karatasi duara safi kabisa.

Kuhusu kuchelewa kujaza, inategemea na mtu. Jerry Miculek, bingwa wa rivolva kutoka Marekani, 1999 alipiga sita, akajaza, akapiga sita zingine kwa sekunde 2.99. Najua mjomba si Miculek, mimi pia si Miculek, lakini usiseme ni chuma cha pole. Mashindano ya IDPA, yale ya kulenga kwa bastola za kujilinda, mpaka leo yana kitengo chake cha rivolva. Na kampuni ya Colt walipoirudisha Python 2020, rivolva iliyotoka mara ya kwanza 1955, watu waling'ang'ania, na hao wengi si wazee.

Kitu kingine kinachonifurahisha, maganda yanabaki ndani ya silinda, sihangaiki kuyatafuta kwa nyasi kama wenzangu.

Halafu Kijana, hilo neno "aiuze" mlitumie kwa uangalifu. Silaha imeandikwa kwa cheti chake na namba yake, haiuzwi kama simu. Kubadilisha lazima ipitie kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na tangu ule msasa wa wenye leseni wa mwishoni mwa 2018 hawachezi.

KijanaWaNjoro
Asanteni sana, dada hiyo ya triga nimeielewa na nitawasomea wale binamu zangu. Sasa kuna kitu nimekumbuka. Mara ya mwisho mjomba kwenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, nilikuwa nimesimama kando yake nikahisi kama vipande vidogo vinanirukia shavuni kila akipiga. Hiyo ni kawaida ya rivolva?

DadaWaMilimani
Moshi na moto kidogo kutoka kando ni kawaida, kuna nafasi ndogo kati ya silinda na mtutu, ndio maana huwekangi vidole hapo na mtu hasimami sambamba na silinda. Vipande vya risasi si kawaida. Inaonekana silinda haijipangi sawa na mtutu, risasi inaingia ikikwaruza ukingo.

MstaafuKakamega
Dada amesema kweli, ni uzee wa vyuma vya ndani. Mwambie atoe risasi zote, ahesabu matundu yote sita yako wazi, aelekeze mahali salama, halafu kwa kila tundu ainue nyundo polepole sana huku amegusa silinda kidogo tu. Silinda inatakiwa ijifunge klik kabla nyundo haijafika mwisho. Tundu lolote likichelewa, ama silinda ikichezacheza sana nyundo ikiwa chini, asiipige tena mpaka fundi wa silaha mwenye kibali aifungue. Inatengenezeka, mara nyingi ni kile kidole cha kusukuma silinda kimelika. Na wewe siku hiyo ulikuwa umevaa miwani?

KijanaWaNjoro
Sikuwa nayo mzee. Nanunua kesho.