Majirani Pasua, Alhamisi jioni

Mwl. Rehema: Habari za jioni majirani. Jumamosi saa 4 asubuhi watoto wa kidato cha 2 na 3 waje barazani kwangu tuendelee na Takadini. Mwenye nakala ampe mtoto aje nayo, zipo 5 na wao ni 14.

Baba Elia: Mwalimu samahani. Elia anasema juzi mliongelea kujiua. Hicho si kitabu cha mtoto albino? Kujiua kumeingilia wapi? Tusiwape watoto mawazo ambayo hawakuwa nayo.

Mama Neema: Hata mimi nilishtuka 🙊

Mwl. Rehema: Wamekuja nayo wenyewe. Tulikuwa pale Sekai anapotoroka na mwanawe asije akauawa. Nikauliza, wewe ungetorokea kwa nani? Wajibu kwenye vikaratasi bila jina, watumbukize kwenye boksi la chaki. Kimoja kiliandikwa kwa penseli, herufi ndogo, pembeni kabisa: "Sina kwa kwenda. Bora nisingekuwepo."

Mama Neema: Mungu wangu.

Baba Elia: Nani huyo?

Mwl. Rehema: Simtaji hapa. Mwandiko niliujua. Nilimwita pembeni nikamuuliza bila kuzunguka, unafikiria kujiua? Akalia, akaongea. Siku hiyohiyo nilikwenda na mzazi wake hospitali ya Mawenzi.

Nesi Upendo: Ulifanya vyema mwalimu. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, Baba Elia. Cha kuepuka ni kusimulia fulani alijiuaje. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka wanajiua watu zaidi ya 720,000, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Mtoto akishindwa kusema nyumbani apige 116, ni bure.

Babu Shayo: Sisi tuliitwa majina ya kila aina na tukakua.

Bibi Shayo: Wewe ulikua. Mdogo wangu je? Tuliambiwa tuseme ni homa.

Nesi Upendo: Pole bibi. Na sheria yetu Tanzania inahesabu kujaribu kujiua ni kosa, basi watu wanazidi kuficha.

Bibi Shayo: Miaka 50 na ushee sijawahi kulitamka hili.

Babu Shayo: Mama, hata mimi hukuniambia.

Mama Vicky: Mwalimu asante kwa kunifichia. Ni wangu. Nimemuuliza kwanza, kasema niseme. Shuleni wanamwita Mbege kwa sababu nauza mbege, pombe ya ndizi. Akipita wanaziba pua. Tangu mwezi wa pili alikuwa anazungukia njia ya mfereji ili asipite na wenzake, mimi najua anachelewa tu.

Mama Neema: Jamani 😭

Mama Vicky: Hiyo mbege ndiyo imenunua sare.

Baba Elia: _Ujumbe huu umefutwa_

Baba Elia: Hilo jina nalisikia hapa nyumbani kila siku. Nilidhani ni rafiki yake Elia.

Baba Elia: Mama Vicky upo? Nakuja na Elia sasa hivi.

Mama Vicky: Leo hapana baba. Nimuulize mwenyewe kama anataka kumwona.

Baba Elia: Sawa mama. Nitasubiri.

Babu Shayo: Mwalimu, Takadini moja iko hapa kwetu, jalada limetoka. Mtu aje aichukue, na Bibi anauliza kama wakubwa wanaruhusiwa Jumamosi.

Mwl. Rehema: Aje. Ila aje na kigoda chake 😅