Riwaya yangu ya msichana anayerudi Malindi ya kale: wasomaji watano, maoni matano. Naomba ushauri

MwalimuWaMalindi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Malindi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya usiku, watoto wakishalala, na sasa nimeimaliza. Inamhusu Mwanaisha, msichana wa kidato cha tatu, anayekwenda magofu ya Gede na wanafunzi wenzake. Anagusa lile kaburi lenye tarehe, na akiinua macho anajikuta katika mwaka 1415. Anafika Malindi kwa miguu na kukuta twiga anapakiwa merikebuni kupelekwa China. Ana siku saba za kutafuta njia ya kurudi kabla upepo haujageuka. Humo mna kukimbizana juu ya mapaa, barua ya mfalme iliyoibwa, na baharia mmoja mzee anayemlinda kama mjukuu wake.

Nilitoa nakala tano. Wa kwanza aliimaliza kwa usiku mmoja, akaniambia amelia. Wa pili alisema sura tatu za mwanzo, ninapoeleza jinsi wakati unavyoweza kukunjwa, nusura zimfanye aiache. Wa tatu, mwalimu mwenzangu, aliuliza jambo lililoninyima usingizi: mbona watu wa zama hizo wanasema Kiswahili cha taarifa ya habari? Wa nne alitaka kuwe na harusi. Wa tano alinirudishia mswada na neno moja tu, "nzuri", na nimefundisha kwa muda wa kutosha kujua "nzuri" ya namna hiyo ina maana gani.

Nataka vijana wetu waisome. Wengi wanajua majumba ya wafalme wa Ulaya kuliko ukuta wa Gede wanaoupita kila siku. Sasa nisaidieni: zile sura tatu nizikate? Na watu wa 1415 niwasemeshe vipi? Nawawekea kipande:

*Mzee alimkaribisha Mwanaisha mezani, akammiminia kahawa. Nje kaskazi ilikuwa ikivuma kwa nguvu. "Keti, mwanangu," alisema. "Merikebu ya twiga inaondoka kesho kwenda Bara Hindi, na kaskazi hii itaifikisha upesi."*

MsomajiSafarini

Mwalimu, pole kwa kazi na hongera. Mimi husoma kwenye matatu, Malindi hadi Mombasa na kurudi, kwa hiyo kitabu kisiponishika kabla ya Kilifi hakinishiki tena. Kata zote tatu. Bibi yangu alipotuhadithia majini, hakutueleza hata siku moja jini anapitaje ukutani. Alisema "akapita", nasi tukajifunika shuka. Ukurasa wa kwanza msichana awe ameweka mkono juu ya kaburi. Ukurasa wa pili wenzake wasiwepo.

MzeeWaLangoni

Mwanangu mwalimu, nakuandikia kutoka Amu. Ujanani nilisafiri na majahazi, na kipande chako nimekisoma mara mbili kwa sababu ya upepo. Kaskazi yatoka huko huko unakotaka merikebu iende. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Anayetoka Malindi kwenda Bara Hindi angoja kusi. Hata Vasco da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, kusi ikianza, na Mei hiyo hiyo akawa Calicut. Angeondoka Januari angepigana na bahari hadi achoke.

Lakini usihuzunike, maana kosa hili lakupa kisa kizuri zaidi. Weka mambo yako katika maleleji, zile siku upepo haujui uende wapi. Kaskazi imekufa, kusi haijaamka, chombo kimeshapakiwa, na mji wote unatazama majani ya minazi. Hapo siku zako saba zina maana. Kila jani likitikisika, msomaji ashtuke.

Na mwaka wenyewe. Twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415, kwa hiyo hapa aliondoka kabla ya hapo. Rudi nyuma hadi 1414. Nao watu wako wasiseme 1414, waseme mwaka wa 817, kwa hesabu ya Hijra.

MtembezaWageniGede

Dada mwalimu, mimi huongoza wageni Gede, na nimefurahi kupita kiasi kuona umelichagua kaburi lile. Tarehe yake ni 802 Hijria, yaani 1399. Fikiri maana yake kwa Mwanaisha: ukimpeleka 1414, kaburi ni la miaka 15 tu. Alilishika likiwa na kuvu na mizizi, anafumbua macho na chokaa ni jeupe kama maziwa. Labda mtoto wa marehemu yupo pale anasoma fatiha. Mimi ningetumia sura nzima kwa hilo, kuliko kukunja wakati.

Kuna mambo mawili katika kipande chako. Kahawa iondoe. Unywaji wa kahawa ulienea Yemen baadaye katika karne hiyo, na kwetu haukuwa umefika. Na meza iondoe, kitu na jina lake, maana neno lenyewe ni la Wareno. Ukipitia mswada, tafuta pia *leso*, *bendera* na *gereza*. Yote yalikuja na merikebu zao.

Jikoni ndiko utakakoumia zaidi. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili hizi kali, viazi, mapapai, vyote asili yake ni Amerika na havikuwa vimevuka bahari. Kwa hiyo hakuna sima ya mahindi, hakuna kachumbari, hakuna viazi karai. Kuna mtama, mawele, wali, samaki, nazi, ndizi, tangawizi na tambuu. Msichana wa leo akikaa siku tatu bila pilipili atajua yuko mbali na kwao kuliko kwa maelezo yoyote ya sayansi.

Na usiwafanye watu wale maskini wa kuhurumiwa. Gede palikuwa na nyumba za mawe zenye vyoo na visima, na tumechimbua vyombo vya kaure kutoka China na shanga za kutoka mbali. Mwanaisha ndiye atakayeonekana mshamba.

MshairiWaPwani

Kuhusu lugha sikubaliani na mwalimu mwenzako moja kwa moja. Hakuna aliye na Kiswahili cha 1414 mkononi. Tungo zetu za kale zenye tarehe, kama Utendi wa Tambuka wa 1728, ziko miaka 300 mbele ya hapo. Ukijaribu kukitengeneza utaandika kitu kisichokuwa cha zamani wala cha sasa, na MsomajiSafarini atashuka kabla ya Kilifi.

Ondoa maneno ya Wareno na ya Waingereza vinywani mwao, hilo tu litabadilisha sauti kwa kiasi kikubwa. Kisha wape maneno machache ambayo wazee wa Amu bado wanayo: *ndia*, *mato*, *mayi*, *nti*. Msomaji atayaelewa kwa mazingira yake, usiweke faharasa. Siku ya kwanza Mwanaisha asielewe vizuri, akamate neno moja kati ya matatu, na neno la kwanza analolielewa kabisa liwe salamu.

Ila mimi nafikiria zaidi msomaji wako wa tano. Umetueleza kukimbizana, barua, siku saba. Hukutuambia kitu kimoja. Mwanaisha amesoma historia darasani. Anajua Wareno watakuja 1498. Anajua mwaka 1505 Mombasa itatekwa na kuchomwa moto. Amekaa na mzee mkarimu, na mjukuu mchanga wa mzee anatambaa mkekani. Mtoto huyo akipewa umri mrefu atakuwa na miaka 80 na kitu siku merikebu zile zitakapotia nanga. Mbona msichana hasemi neno? Au anasema, hakuna anayemwamini? Kama sura zote anahangaika kurudi kwao tu, basi nami ningerudisha mswada na kusema "nzuri".

MsomajiSafarini

Hilo la mjukuu limenisimamisha nywele. Nalinunua kitabu hilo likiwemo.

MwalimuWaMalindi

Nimesoma yote, nikatoka nje, nikarudi nikasoma tena. Mzee wangu wa Langoni, shikamoo, na ahsante. Ndugu wa Gede, wiki ijayo nitakuja na daftari.

Mshairi, umegusa mahali nilipokuwa nakwepa. Katika mswada wa kwanza Mwanaisha alisema. Nilifuta, kwa sababu sikujua mzee angejibu nini. Usiku wa leo nimejaribu upya. Sura tatu zimekwenda. Kipande sasa kiko hivi:

*Mzee alitandika mkeka, akamsogezea dafu lililokwisha kukatwa. Nje majani ya minazi yalining'inia kimya. Twiga alisimama uani, kamba ya usumba shingoni, akatazama bahari juu ya ukuta kama watu wote.*

*"Nywa, mwanangu. Ndia ni ndefu."*

*Mwanaisha hakunywa. Alimtazama mtoto aliyekuwa akivuta pindo la mkeka.*

*"Babu," alisema, "huyu akiwa mzee, zitakuja merikebu kutoka kusini, zenye misalaba kwenye matanga."*

*Mzee alimchukua mtoto akampakata. Hakuuliza amejuaje.*

*"Watakuwa na kiu?" aliuliza.*

MzeeWaLangoni

Marahaba, mwanangu. Mimi sina la kuongeza hapo. Ukimaliza sura ya kuondoka chombo niletee, nikutazamie tanga.