Je, bima ya taifa ilipie kugandisha mayai ya wanawake wenye saratani?

MTOA MADA:
Ndugu zangu, hoja iko mezani. Binti wa miaka 28 anaambiwa ana saratani ya titi, na haraka haraka anatundikiwa dripu ya tibakemikali. Dawa kama siklofosfamidi inaua seli za saratani, lakini inaunguza pia mayai yaliyomo kwenye ovari, na mwanamke akishazaliwa hatengenezi mayai mengine. Anapona, hedhi hairudi, ndipo anaanza kuulizia habari za watoto. Maji yameshamwagika.

Njia ipo. Anachomwa sindano za homoni tumboni kwa takriban wiki mbili. Mayai yakikomaa, daktari anayavuta kwa sindano ndefu kupitia ukeni huku akitazama ultrasaundi, kisha yanagandishwa na kuhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku hizi si lazima kungoja hedhi, sindano zinaanza siku yoyote. Saratani ya titi inayolishwa na homoni nayo ina dawa yake, letrozoli, inayozuia homoni ya estrojeni isipande mno wakati wa sindano hizo. Nchini Marekani, chama cha madaktari wa saratani kilishaelekeza tangu 2006 kwamba mgonjwa aelezwe haya kabla ya tiba, na jimbo la Connecticut likapitisha sheria mwaka 2017 ya kuzilazimisha bima kulipia.

Mimi nasema ilipie. Ugumba huu unaletwa na tiba ambayo bima yenyewe imeilipia. Huwezi kulipia dawa ukakataa madhara yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mtoa mada, nakuheshimu, ila wagonjwa wetu wengi wanafika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, saratani imeshasambaa. Kuna mama anakatiza mionzi kwa kukosa nauli ya kutoka mkoani na pa kulala Dar. Hela hiyo imsaidie huyo kwanza. Halafu mayai yaliyogandishwa si dhamana ya mtoto, mengine hayavuki hata hatua ya kuyeyushwa.

MCHANGIAJI WA PILI:
Mimi hofu yangu ni ya dini. Binti hajaolewa, mayai yake yako maabara. Nani atatuhakikishia hayatachanganywa na mbegu ya mtu asiye mumewe?

MTOA MADA:
Naanza na wewe ndugu wa pili, maana hofu yako ni ya msingi. Yai likigandishwa peke yake linabaki lake. Akija kuolewa, linarutubishwa kwa mbegu ya mumewe ndani ya ndoa, sharti lile lile ambalo wanazuoni wengi wanaliweka. Balaa liko kwenye kugandisha viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa kwa mbegu ya mwanamume. Natallie Evans wa Uingereza aliambiwa mwaka 2001 kwamba ovari zake zina uvimbe wa kuelekea saratani na lazima zitolewe. Aliuliza kama wanaweza kugandisha mayai yake tu. Akajibiwa hapo kliniki hawafanyi hivyo, na mpenzi wake akamtuliza kwamba hawataachana. Vikahifadhiwa viinitete sita. Mwaka uliofuata wakaachana, mwanamume akaondoa ridhaa yake, na mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikayakataa madai ya Evans dhidi ya Uingereza, majaji 13 kwa 4. Ovari hana, viinitete haruhusiwi kuvitumia. Yule mama alikuwa ameuliza swali sahihi!

Ndugu wa kwanza, nauli ya mgonjwa naitetea pamoja nawe. Wala sisemi kila mgonjwa agandishiwe. Ambaye saratani haimpi nafasi ya kungoja wiki mbili, daktari amwambie wazi, dripu ianze. Lakini aliyegundulika mapema, mwenye miaka 25 au 30, ana maisha marefu mbele yake, na kumweleza hakuhitaji mashine wala bajeti. Hata hilo halifanyiki kwa wengi.

Sasa nawauliza mliotia saini fomu ya kukubali tibakemikali, au mliomsindikiza dada, mke au binti: kabla ya dripu ya kwanza, kuna aliyewauliza kama mgonjwa anataka kuzaa baadaye?